Kilo Tisa Zilizotorokea Tunduni

Tik. Kimya kidogo. Tik.

Hakujapambazuka bado. Katika giza la chumba kimoja chenye pazia katikati, kikaushio cha Sikudhani kilikuwa kikilia hivyo, pangaboi lake dogo likikwaruza ukingo wa mbao kila lilipomaliza mzunguko. Sikudhani alilala macho, mkono juu ya mgongo wa binti yake Tunu, akisikiliza. Tik zikifuatana upesi, umeme ni mzima. Zikichelewa, umeme unazirai na maembe yatachacha. Zikinyamaza kabisa, ni kuinuka mbio, maana trei saba za matunda yaliyokatwa hazina subira. Alfajiri hiyo zilifuatana vizuri, na mama huyo kijana akatabasamu peke yake gizani, jambo ambalo siku hizo lilikuwa bado halijahitaji kibali.

Upande wa pili wa ukuta, jirani yake Mama Mboni naye alikuwa macho, akizisikiliza tik hizohizo. Yeye hakutabasamu.

*

Inafaa kwanza tuisifu nchi yao, maana ni nchi njema. Haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta, na akiona kama anaifahamu, kosa ni lake. Zamani nchi hiyo ilikuwa na njaa. Serikali iliguswa sana, ikaunda tume. Tume ikazunguka miaka miwili, ikilala kwenye hoteli zenye mabwawa ya kuogelea ili isiwasumbue wenye njaa, na mwisho ikagundua kwamba njaa ni upungufu wa uzito. Hapo mambo yakawa mepesi, kama neno hilo linaruhusiwa. Ikaanzishwa Wizara ya Uzito wa Taifa. Mkuu wa nchi akakiacha cheo chake cha zamani, akawa Mzito Mkuu. Ikatungwa sheria kwamba kila mwaka baada ya mavuno, Siku ya Mizani, kila kaya ibebe chakula chake chote hadi Uwanja wa Uzito, kipimwe, na kizidi cha mwaka uliopita.

Tangu hapo uzito wa taifa umepanda kila mwaka bila kukosa, na njaa haijaonekana tena katika ripoti yoyote.

Wananchi nao waliisaidia serikali yao. Walilowesha mahindi. Walipachika mawe katikati ya gunia. Wapimaji walijua, tena walijulikana kuwa wanajua, na jambo lenyewe lilikuwa na adabu zake: jiwe la katikati ni uzalendo, jiwe la juu ni dharau. Baada ya kupimwa, chakula chote huachwa pale uwanjani siku saba, juani na mvuani, ili taifa lione utajiri wake. Siku ya nane watu huja kukichukua kwa koleo.

Kaya isiyozidi uzito wake wa mwaka jana huandikwa Kaya Nyepesi. Haipigwi faini wala haifungwi, kwa kuwa serikali ina huruma. Huchukuliwa tu watoto wake wa chini ya miaka saba, palepale uwanjani, wakakabidhiwa Kaya Nzito wapate kunenepa. Fundi seremala aliyemtengenezea Sikudhani kikaushio alikuwa na binti wa miaka sita. Sasa binti huyo ananenepea kwa kanali mmoja, akimsugulia masufuria.

*

Mwaka uliopita Sikudhani alikuwa amepeleka uwanjani kilo sitini na moja za vitu vibichi: maembe, ndizi, viazi vitamu, nyanya, matembele. Alipongezwa. Siku ya nane aliondoka na ndoo moja ya kitu ambacho hata nzi walikisogelea kwa mashaka. Masika yote Tunu alikunywa uji ambao ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili, na nywele zake zikaanza kugeuka rangi, nyekundunyekundu, laini kama za mahindi. Mama aliziona, akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima, maana alisikia wanafundisha na mambo ya kuhifadhi chakula.

Alijifunza kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Embe likatwe vipande vya unene mmoja, kama kidole cha mwisho cha mkono, ama sivyo cha nje kitaungua na cha ndani kitaoza. Majani yatumbukizwe kwanza kwenye maji yanayochemka, kidogo tu, ndipo yaende kwenye trei. Embe limekauka likipindika kama ngozi ya mkanda na likichanika halitoi unyevu. Kisha litiwe kwenye chupa ya kioo, litikiswe kila asubuhi kwa wiki nzima. Ukiona ukungu ndani ya kioo, rudisha kwenye trei bila kubishana. Aliukodolea macho ubao pale mwalimu alipoandika kwamba chakula kikavu kinakaa mwaka. Mwaka! Hicho kingekaa siku saba uwanjani kikicheka.

Kwa hiyo msimu huu chini ya kitanda chake zilijipanga chupa thelathini na nane: maembe, ndizi, nyanya, matembele, majani ya kunde, michembe ya viazi, hata mchaichai wa chai. Kilikuwa chakula kingi kuliko alichowahi kuwa nacho maishani. Uzito wake wote ulikuwa kilo kumi na sita.

*

Mama Mboni alikuwa mwanamke wa maneno. Binti yake Mboni, wa miaka minne, alikuwa shoga wa Tunu na walishinda pamoja uani wakipikiana udongo, lakini mama zao walikuwa wakisalimiana kwa meno tu.

"Mama Tunu," alisema siku moja akianua nguo, kwa sauti ya kusikiwa nyumba sita, "hiyo mashine yako inakausha na haya? Maana naona kwako zimekwisha."

"Inakausha maembe, jirani. Karibu uonje."

"Nionje kiatu? Mimi mwanangu anakula kitu chenye maji yake. Hayo makavu wape wafiwa."

Watu wakacheka, na Sikudhani akaingia ndani akiwa na moto kifuani. Hakujua kwamba jirani yake ana moto wake. Mwaka jana gunia la Mama Mboni lilikuwa na mawe sita na lilipima kilo mia mbili kumi na mbili. Mwaka huu ilimbidi aushinde uongo wake mwenyewe. Na sheria ilisema wazi: anayeripoti Kaya Nyepesi kabla ya Siku ya Mizani huongezewa kilo tano za shukrani. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda ofisi ya mtaa, akawaambia kwamba nyumba ya pili kuna kitu kinalia tik usiku na mchana, na kila kikilia, taifa linapungua.

*

Mkaguzi aliyekuja aliitwa Bwana Mpingwa. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza shingoni, kama daktari na vifaa vyake, na hakubisha hodi kwa sababu mkono wa kubishia ulikuwa umeshika daftari. Alipima chupa. Alipima kitanda. Alimnyanyua Tunu akampima naye, akaandika, na Sikudhani alipoona tarakimu za mtoto wake zikiingia kwenye daftari lile alinyoosha mikono amchukue.

"Hii chupa, kabla ya kukaushwa ilikuwa kilo ngapi?"

"Maembe mabichi kilo kumi, bwana mkaguzi."

"Na sasa?"

"Moja."

"Kilo tisa ziko wapi?"

"Ni maji. Yamekuwa mvuke, yakatokea kwa lile tundu la juu."

Bwana Mpingwa alilichungulia tundu. Aliingiza kidole, akakinusa. Kisha akaandika huku akijisomea: mtuhumiwa anakiri kwamba kilo tisa za taifa zilitorokea tunduni, na kwamba tundu lilitobolewa kwa makusudi.

"Na kutoka hapo zilielekea wapi?"

"Angani."

"Anga ya nani?"

Darasa la jioni la Sikudhani halikuwa limefika huko. Alijaribu kumweleza kwamba chakula hakijapotea, kwamba kilo hii moja italisha sawa na zile kumi, tena italisha masika wakati zile kumi zimeshakuwa funza. Mkaguzi alichukua kipande cha embe ili kiwe kielelezo, akakitafuna, akachukua kingine ili kiwe kielelezo cha kile cha kwanza. Alisema ni tamu. Kisha akajikumbuka, akasema utamu haupimiki, akaondoka na chupa nzima ya ushahidi kwapani. Makisio yake aliyaacha mlangoni kwenye karatasi: mwaka jana sitini na moja, mwaka huu kumi na tano. Mtoto mmoja, wa kike, kilo kumi na nne, aandaliwe.

*

Siku tatu kabla ya Siku ya Mizani Sikudhani alikwenda Wizarani kukata rufaa. Alikuwa ameambiwa kwamba barua isiyofika nusu kilo haisomwi, kwa hiyo aliibandika yake kwenye kigae cha paa. Wengine kwenye foleni walikuwa na barua zilizofungwa kwenye matofali. Mzee mmoja alikuwa amechonga yake juu ya jiwe la kusagia. Mlangoni kila mtu alipimwa. Waliozidi kilo sabini walipanda lifti. Sikudhani, kwa kilo zake arobaini na saba, alielekezwa kwenye ngazi za nyuma, karibu na vyoo, hadi kwa Mkurugenzi wa Wepesi, Daktari Magwaza, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo lilimpa Sikudhani matumaini, kwa sababu alikuwa mtu wa kupewa matumaini kirahisi. Alieleza habari za mvuke, za ukungu kwenye kioo, za nywele za Tunu.

"Mama," alisema Daktari Magwaza, "wewe unazungumza habari za chakula. Hii ni Wizara ya Uzito. Wizara ya Chakula ilikuwepo, lakini ilikuwa nyepesi, tukaimeza."

Kisha akamhutubia yeye peke yake kwa dakika ishirini kana kwamba kuna kadamnasi nyuma yake. Alisema mataifa makubwa hayaulizani yanakula nini, yanaulizana yana tani ngapi. Alisema adui wa nchi hapendi kingine zaidi ya kuona maembe yetu yakinywea. Mwisho alimwinamia na kumpa ushauri kama baba. Kama maji yametoka, basi ayarudishe. Aloweshe kila kitu, aje na uzito wake, na hakuna atakayemuuliza neno.

"Yakirudi, mheshimiwa, siku ya tatu chakula chote kitaoza."

"Siku ya tatu si Siku ya Mizani."

"Na mtoto wangu atakula nini masika?"

Daktari Magwaza alimtazama kwa huruma ya kweli. "Usitangulize mambo. Kwanza tujue kama utakuwa na mtoto."

Sikudhani aliitazama miguu ya mkurugenzi chini ya meza, viatu vyeusi vinavyong'aa, kisha akakitazama kigae mikononi mwake. Alikuwa amefunzwa kuandika "wako mtiifu" chini ya kila barua. Alikiweka kigae mezani taratibu kabisa, na ule utaratibu ulimgharimu nguvu kuliko kubeba gunia.

*

Mchana wa siku iliyotangulia Siku ya Mizani alitandika mabeseni yote uani. Alizifungua chupa moja moja. Harufu ya kila chupa ilipotoka ilikuwa kama mtu anayeaga. Nyanya zilizama, zikavimba. Matembele yalijikunjua majini kama yanaamka. Tunu alichuchumaa kando akiuliza kama leo kuna sherehe, na mama yake akamwambia ndiyo, kuna kitu kama hicho.

Alijua jambo ambalo Wizara haikulijua: kitu kilichokauka hakirudishi maji yake yote. Embe lililotoa tisa hupokea tatu, nne likijitahidi. Aliacha chupa moja chini ya kitanda, ya maembe, kwa ajili ya masika. Alipima mabeseni kwa mizani ya kuazima. Sitini na nusu. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama Tunu anavyochora chini kwa kijiti, nywele zake nyeusi tii tangu aanze kula michembe na majani ya kunde. Kisha akaenda kuitoa ile chupa chini ya kitanda. Aliifungua kwa hasira kiasi kwamba vipande viwili vilianguka mchangani, akaviosha, akavitia navyo. Sitini na mbili.

*

Siku ya Mizani bendi ilipiga, na Waziri wa Uzito, Mheshimiwa Balozi Ngulumbi, alipimwa wa kwanza ili kutoa mfano. Watu wakapiga makofi kwa kila kilo. Kisha zikaitwa kaya.

Mabeseni ya Sikudhani yalikuwa yanachuruzika, na kila tone lililoanguka kabla ya kufika kwenye mizani alilihisi mwilini. Mshale ukapanda, ukasita, ukasimama. Sitini na moja na robo tatu. Karani aligonga muhuri: Kaya Nzito. Bwana Mpingwa alimpa mkono na kumwambia alikuwa na hakika zile kilo zimejificha tu mahali. Waziri aliposikia kisa hicho alikitangaza kwenye kipaza sauti: kilo zilizokuwa zimekimbilia angani zimerejea nyumbani kwa hiari yao, na serikali imezisamehe. Bendi ikapiga tena. Sikudhani alimkumbatia Tunu, akamnusa utosini, na kwa mara ya kwanza wiki nzima akavuta pumzi hadi chini.

Ndipo akaitwa Mama Mboni.

Gunia lake lilikuwa limeloweshwa siku tisa shimoni, kwa bidii, na mwaka huu lilikuwa na mawe tisa. Vijana wanne walilinyanyua. Lilipogusa mizani kitako chake, kilichokwisha kuoza, kiliachia, na mahindi yenye mizizi yakamwagika pamoja na mawe, yakabingirika hadi miguuni pa bendi. Mama Mboni alipiga magoti akiyakusanya mikononi. Karani alimzuia kwa adabu. Kosa, alimweleza, si mawe. Mawe yanaeleweka. Kosa ni kwamba mawe hayapo tena juu ya mizani, na kilichoanguka ni mali ya uwanja. Kuhusu zile kilo tano za shukrani, zimefutwa, kwa kuwa kaya aliyoiripoti imethibitika kuwa nzito.

Tusimfiche Sikudhani: alifurahi. Aliposikia neno "aliyoiripoti" akaelewa kila kitu mara moja, akafurahi kwa moyo wote, kwa muda wa kama kufumba na kufumbua mara tatu. Kisha karani akafungua ukurasa mwingine. Mtoto, alisoma, hukabidhiwa Kaya Nzito iliyo karibu kuliko zote, asichoshwe na safari.

"Mama Tunu, songa mbele upokee."

"Simtaki," Sikudhani alisema. "Ana mama yake."

Karani, ambaye alikuwa kijana mwema na mwenye mwandiko mzuri, alimwonyesha kifungu. Kaya inayomkataa mtoto hupunguziwa uzito wa mtoto huyo. Mboni ana kilo kumi na tatu. Sitini na moja na robo tatu toa kumi na tatu. Akamwachia apige hesabu mwenyewe, huku akimtazama Tunu na kulainisha ncha ya kalamu kwa ulimi.

Sikudhani alinyoosha mkono. Mkono ulikwenda wenyewe, yeye akibaki nyuma yake akiuchukia.

Karani alimgeukia mwanamke aliyepiga magoti na kumwuliza jina lake, maana sasa kuendelea kumwita Mama Mboni lingekuwa kosa la kumbukumbu. Mwanamke akayaachia mahindi mikononi. Ilimbidi afikiri. Mwisho akasema alikuwa akiitwa Mwajabu.

Akamfuta mtoto uso kwa pembe ya kanga, akamfunga kifungo cha gauni, akamleta. Maneno yote ya uani yalikuwa yamemtoka mdomoni. Alibaki na moja tu, alilolisema chini chini, bila kumtazama Sikudhani machoni.

"Huyu halali mpaka ashike sikio la mtu. Muachie tu alishike, haumizi."

"Mama Mboni," Sikudhani alisema, na karani akainua kichwa, akalikata jina hilo hewani kwa kalamu.

Waziri, ambaye alipenda mambo ya watoto, alishuka jukwaani na kipaza sauti chake. Bendi ilinyamazishwa. Uwanja mzima ulitulia, kaya nzito upande huu na kaya nyepesi upande ule, chakula cha mwaka katikati kikianza kutoa harufu. Mheshimiwa alichuchumaa kwa msaada wa walinzi wawili, akamtia Mboni kidole kidevuni, akamwambia kwamba leo amebahatika kuliko watoto wote, na kwamba taifa zima linamsikiliza, kwa hiyo aliambie taifa kwa sauti nzuri mama yake ni nani. Akamwekea kipaza sauti mdomoni.

Mboni aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Sikudhani, akamwelekezea kidole mwanamke aliyemfunga kifungo.

"Mama yangu ni yule pale."